Sikio Linapoposwa na Kompyuta: Mwongozo kwa Wazazi na Washenga

Kwenye simu iliyowekwa Kiswahili, Bluetooth hutumia neno "oanisha". Nalipenda neno hilo na nalichukua jinsi lilivyo. Vyombo viwili vinavyooana haviwekwi tu chumba kimoja. Huulizana majina, huchunguzana, hukubaliana lugha ya nyumbani, na siku mmoja akitaka kuondoka pana utaratibu wa talaka. Mwaka jana nilikuwa mshenga kati ya mashine za masikio za mpwa wangu, anayekaa Kawangware, na laptopu ya mtumba. Kwa majuma mawili nilitoka Kibera jioni baada ya jioni, nikavuka Ngong Road, nikashika Naivasha Road na laptopu begani, na niliporudi usiku nilikuwa nimejifunza kwamba hakuna hatua ya posa isiyokuwemo katika jambo hili. Ukitaka ndoa isimame, fuata desturi.

Desturi ya kwanza ni kumwandaa bibi harusi. Usiiguse kompyuta kabla hujaliangalia sikio. Nta ikiziba kile kitundu kidogo cha sauti, utalaumu Bluetooth bure. Kile kipande laini kilichochongwa kufuata umbo la sikio lake kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni kikiwa kimetenganishwa na mashine, kisha kikauke kabisa. Betri nazo zina tabia yao. Vile vidonge vidogo vya zinki huhitaji hewa ndipo vifanye kazi, na ndiyo maana huja na kibandiko: cha njano kwa namba 10, cha kahawia kwa 312, cha chungwa kwa 13, cha buluu kwa 675. Ukishakibandua, iache betri wazi dakika moja hivi ivute pumzi kabla ya kuifungia ndani. Mpwa wangu alikuwa akibandua na kufunga papo hapo, na betri zake zilikuwa zikichoka mapema kila juma. Tena jua kwamba kupokea sauti kwa njia ya hewa hula betri kuliko kusikiliza kwa kawaida, kwa hiyo weka pakiti ya akiba mezani.

Sasa uliza ukoo. Hapa ndipo posa nyingi huvunjika, na hapa nitakaa kidogo.

Bluetooth imepewa jina la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyesifiwa kwa kuwaunganisha watu wake. Jina hilo lilipendekezwa katika miaka ya 1990 na Jim Kardach, mhandisi wa kampuni ya Intel. Chini ya jina la mfalme huyo leo zinakaa koo ambazo hazisikilizani. Ukoo wa kwanza ni Bluetooth ya zamani, ile ya spika na ya vipokea sauti vya kawaida. Mashine za masikio za ukoo huu, kama Phonak Marvel zilizotoka mwaka 2018, huolewa na kompyuta karibu yoyote. Ukoo wa pili ulianzia kwa iPhone. Mashine zake zilianza kuuzwa mwaka 2014, nazo huzungumza na simu hiyo na jamaa zake. Baadhi ya kompyuta mpya za Mac ziliijua lugha hiyo kuanzia macOS Sonoma ya mwaka 2023, lakini Windows haiijui. Ukoo wa tatu unaitwa ASHA. Ni wa Android, tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na Windows haiujui pia. Wa nne ndio mdogo na ndio ninaoutumaini: LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020 ili koo zote hatimaye zipate lugha moja. Huo Windows 11 inauelewa kuanzia toleo la 22H2, mradi chipu ya Bluetooth ndani ya laptopu na programu zake za kuiendesha viwe vimeandaliwa kwa kazi hiyo. Kuchomeka kidude cha bei rahisi cha USB kwenye mashine ya zamani hakutoshi, hata kama boksi lake limeandikwa 5.2 au 5.3.

Dada yangu, mama wa mpwa wangu, hakuambiwa lolote kati ya haya. Familia nzima ilichanga. Kulikuwa na harambee kanisani, mama mboga jirani yake akatoa, na watu wa chama chake wakatoa. Jozi ya mashine mpya zenye Bluetooth inaweza kufikia bei ya pikipiki mpya, na zetu hazikuwa mbali na hapo. Dukani aliuliza swali moja tu: "Ina Bluetooth?" Akajibiwa, "Iko na Bluetooth, madam." Na kweli ilikuwa nayo, ya ukoo wa iPhone. Katika nyumba yao hakuna iPhone. Kulikuwa na simu ya Android na laptopu iliyotoka Uingereza ikiwa imetumika, yenye Windows 10.

Laptopu ilitafuta, ikaorodhesha spika ya jirani, televisheni ya plot ya pili, simu za watu wasiojulikana. Mashine za masikio haikuziona. Mpwa wangu, binti wa miaka kumi na tisa aliyekuwa amejiandikisha kusomea uhasibu mtandaoni, aliifunga laptopu taratibu akaniambia, "Mjomba, labda ni masikio yangu ndiyo mabaya sana." Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya sentensi hiyo. Hakuna mtoto anayepaswa kujilaumu kwa sababu muuzaji alijibu swali nusu.

Basi mzazi, unapokwenda kununua, beba laptopu yako. Iweke juu ya kaunta, iwashe, na useme: "Naomba uzioanishe na hii, hapa, mbele yangu, kisha tucheze video." Kama muuzaji ataanza kukusimulia habari za simu, mrudishe kwenye laptopu kwa upole. Muulize pia kama mashine zina alama ya T, yaani zinaweza kunasa sauti kwa uga wa sumaku, na kama mtengenezaji wake anauza kidude cha kati. Uulize kabla pesa hazijatoka mkononi, kama vile wazee wanavyouliza kabla mahari haijapokelewa. Huombi hisani unapouliza hivyo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya ulemavu wake, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mfuko unaosaidia kupata vifaa. Ukiomba kule, taja kompyuta katika ombi lako. Andika kwamba mtoto anasoma mtandaoni au anatafuta kazi ya mtandaoni, kwa sababu siku hizi hata mahojiano ya kazi hufanyika kwenye skrini.

Na kama umeshanunua, na lugha hazilingani? Tafuta mshenga. Watengenezaji wengi huuza kidude kidogo cha kubana kwenye kola au kuvaa shingoni. Kompyuta hukiona kama kipokea sauti cha kawaida tu, ikaoana nacho. Nacho hupokea maneno yake na kuyapeleka masikioni kwa redio ya nyumbani kwao. Kompyuta haijui kwamba kuna masikio nyuma ya kidude, na haina haja ya kujua. Lakini mshenga wa ukoo mmoja hawezi kuusemea ukoo mwingine, kwa hiyo kidude kiwe cha mtengenezaji yuleyule na kiwe kinakubali aina hiyohiyo ya mashine. Cha kwetu tulikipata kikiwa kimetumika, na mtaalamu wa masikio akakiunganisha na mashine kwa dakika chache.

Aliye na mashine zenye T anaweza kuvaa kitanzi shingoni, kikachomekwa kwenye tundu la vipokea sauti la laptopu. Kitanzi hugeuza sauti kuwa uga wa sumaku, na mashine zikaunasa bila waya kufika sikioni. Ni njia ya zamani, ya gharama nafuu, nami naiheshimu. Ila mashine hizo hunasa pia uga wa stima. Mtu anayekaa chini ya nyaya zilizosokotana juu ya mabati kule Kibera, Gatwekera au Laini Saba, atasikia mvumo mzito nyuma ya kila neno. Asogeze kiti, ajigeuze, atafute kona ambayo mvumo unapungua. Kona hiyo ikipatikana, watoto wasiikalie.

Kuna pia njia isiyohitaji mshenga wa kununua, kwa mwenye simu inayosikilizana na mashine zake. Ingia kwenye mkutano mara mbili: kwa laptopu upate picha na maandishi, kwa simu upate sauti. Kwenye laptopu zima kipaza sauti na spika pia, la sivyo mwangwi utawafukuza wenzako wote.

Siku ya kuoanisha yenyewe, ondoa fitina. Mashine za ukoo wa kwanza na washenga wengi hukimbilia kifaa walichokizoea, kwa hiyo zima Bluetooth ya kila simu iliyowahi kuoanishwa nazo, hata ile ya kaka aliyesema anajaribu tu. Mashine nyingi za betri huwa tayari kuoana kwa dakika chache tu baada ya kufungua na kufunga mlango wa betri. Fanya hivyo ukiwa umeshafungua ukurasa wa kutafuta kwenye kompyuta, usizunguke kutafuta chaja. Weka laptopu mbele yako, maana mwili wa mtu umejaa maji na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4. Mawimbi hayohayo hutumiwa na Wi-Fi nyingi za plot, ambazo Kawangware zimepangana kama nguo za Toi Market.

Kisha uzoee jambo moja linalowashtua wengi. Muziki utasikika vizuri, halafu mkutano ukianza, sauti itageuka ya bati. Hujaharibu kitu. Bluetooth ya zamani inapolazimika kubeba sauti kwenda na kurudi, hupunguza ubora ili njia itoshe. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua kipaza sauti cha laptopu badala ya kile cha kidude, na mara nyingi sauti nzuri itarudi sikioni.

Sisi tulifanikiwa jioni moja ya Aprili. Darasa lilianza saa moja. Mpwa wangu alikuwa mezani na kidude kwenye kola, dada yangu akikuna nazi, nami nimekaa kitandani nikingoja kuitwa kurekebisha kitu. Dakika kumi baadaye mvua ikashuka juu ya mabati. Mnaijua mvua hiyo. Ilifuta redio ya jirani, ikafuta lori lililokuwa likigeuza nje, na dada yangu aliponisemesha niliona midomo tu.

Binti hakugeuka. Alikuwa amepunguza vinasa sauti vya nje vya mashine zake, na sauti ya mwalimu ilikuwa ikiingia moja kwa moja. Aliendelea kuandika safu za mapato na matumizi kwenye daftari, akatabasamu kwa jambo ambalo mwalimu alilisema. Dada yangu aliweka mbuzi ya nazi chini, akasogea, akamgusa bega na kuuliza kwa mikono: amesema nini?

Akatuandikia kwenye ukingo wa daftari, kwa herufi kubwa, ili sote wawili tusome.