Kwa Senga Difu: Land Cruiser kwa Milioni 30

Senga Difu hupokea barua za wenye magari, wanaotafuta magari, na wanaoishi na watu wa namna hiyo. Majibu ni bure. Fundi utamlipa mwenyewe.

*Senga mpendwa, mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Najjera na nafanya kazi benki mjini. Barabara ya kwetu imenimaliza. Shokamzoba za Corolla Kikumi yangu nimezibadilisha mara nyingi hadi fundi amenialika kwenye harusi yake. Nina milioni 30. Nataka Land Cruiser, ile kubwa, yenye mkonga. Marafiki wanasema nikiwa nayo hata trafiki atanisalimia kwanza. Nifanyeje? — Mwenye Kiu, Najjera*

Mwana wa kaka, mashimo ya Kampala hayahitaji mtu wa kunihadithia. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliyafungulia maonyesho mtandaoni, na wananchi wakashindana kuleta picha, kila mtaa ukijivunia la kwake. Lakini soma taratibu: shimo halitaki fowili. Fowili inakutoa kwenye tope na mchanga. Shimo linataka tairi lenye ukuta mnene, springi nzima na dereva asiyeendesha kana kwamba amechelewa kuzaliwa. Ukiliingia kwa kasi ya 60, tofauti yako na mwenye Kikumi ni bei ya kitakachovunjika.

Sasa hiyo milioni 30. Broka atakuletea Land Cruiser ya Series 80, ambayo huenda imekuzidi umri. Usimlaumu. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza nchini magari yaliyozidi miaka 15 tangu yaundwe, kwa hiyo zile 80 za bei ya chini unazoziona zimezunguka humu humu, kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono ulikuwa na sababu ya kuachia. Ukitaka changa zaidi kutoka Japani, kuna ushuru, VAT ya asilimia 18 na kodi nyingine, na watoza kodi wa URA wana orodha yao ya thamani. Risiti yako ya bei rahisi wataitazama kwa huruma tu.

Kuhusu mkonga. Ukiipata gari yenye mkonga, fungua boneti ufuate lile bomba kwa mkono. Mara nyingi utalikuta limeishia kwenye madigadi, limefungwa kwa skrubu mbili, halijaungwa na kitu chochote, na injini bado inavuta hewa palepale ilipokuwa ikivuta siku zote. Huo ni urembo. Siku utakapoingia nao kwenye mafuriko ya Bwaise ndipo utakapojua kwamba injini imekunywa maji.

Nunua RAV4 iliyotunzwa, weka tairi nzuri, na milioni zinazobaki ziache benki, maana ndiko unakofanya kazi. Trafiki anaheshimu permiti.

*Senga, nanunua kahawa Bududa. Msimu ukifika nakodi pikapu ya watu, na faida yote inaishia kwa mwenye pikapu. Nina milioni 45. Broka mmoja wa Nakawa ameniletea Land Cruiser pikapu, injini 1HZ, anasema "haijawahi kufunguliwa." Nimeipenda. Niitazame nini kabla ya kulipa? — Mama Kahawa, Ntinda*

Mama, wewe nakupa baraka zote. Una mzigo, una mlima, una tope. Gari zito liliundwa kwa watu kama wewe, na wale wa Najjera wanakupandishia bei tu.

1HZ ni injini ya heshima: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo, ipo sokoni tangu 1990. Haina kompyuta ya kubembelezwa, na fundi yeyote wa Mbale mwenye akili anaijua. Lakini hilo neno "haijawahi kufunguliwa" lisikufurahishe. Mkanda wa taimingi wa injini hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama kweli hakuna mkono uliowahi kuigusa, basi mkanda ni uleule, na ukikatika ukiwa Bududa valvu zitakutana na pistoni. Muulize broka achague: ama anadanganya, ama anauza balaa.

Nenda asubuhi, bila kutoa taarifa. Kabla ya salamu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, wameshaiwasha kuficha jinsi inavyoamka. Aga kwa adabu, urudi kesho. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wenye rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na hiyo ndoa huvunjwa kwa pesa nyingi. Fungua rejeta, bado ikiwa baridi, mwambie mtu awashe, uchungulie. Mapovu yanayopanda bila kukoma yanasema gasketi ya hedi imechoka, au hedi yenyewe imepasuka. Kisha moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usioisha hata injini ikipata moto mara nyingi ni maji, mweusi kidogo ukikanyaga ghafla usikutishe, dizeli ya zamani ndivyo ilivyo.

Halafu ingia chini. Ndiyo, wewe mwenyewe, tandika kanga. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoibiwa, kwa sababu wanatazama rangi ya milango na kusikiliza redio. Chukua nyundo ndogo, gonga chesi taratibu toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti nzito, iliyokufa. Magari mengi ya Japani yametoka sehemu za theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, na chumvi haisahau. Ukikuta chesi kuukuu imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, jiulize nani hurembesha tumbo la gari. Tafuta alama za kuchomelea, hasa karibu na springi za nyuma. Soma namba iliyogongwa kwenye chesi, uilinganishe na logibuku tarakimu kwa tarakimu. Shika propela shafti uitikise. Ikicheza kama jino la mtoto, ongeza kwenye hesabu.

Itoe barabarani, lakini tafuta njia ya murram yenye mlima. Hapo weka fowili, weka gia ya chini, upande polepole, uachie mafuta, ushuke ukiwa na gia hiyohiyo. Difu mbovu hulalamika pale unapoachia mafuta, na gia boksi iliyochoka hutema gia wakati wa kushuka. Usifanye majaribio haya kwenye lami kavu huku ukikata kona na fowili ikiwa imewekwa. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na kwa vile kwenye lami hayawezi kuteleza, yanakaza mitambo yote. Utaivunja kabla hujainunua.

Tairi zina tarakimu nne ubavuni: wiki na mwaka. 1416 ni wiki ya 14 ya 2016, hata kama meno yake bado yanang'ata.

Na fundi wako aje nawe kutoka kwako. Fundi anayesalimiana na broka kwa jina la utani si fundi wako, ni shemeji yake.

Kuhusu bei: usinunue gari la milioni 45. Nunua la milioni 32 au 33. Zilizobaki ni za tairi, pampu ya maji, mkanda, beringi za magurudumu na mambo ambayo mimi na wewe hatujayajua. Spea za Land Cruiser zimejaa Kisekka na Ndeeba, lakini kaa na fundi dukani ili akutenganishie ya kiwandani na ile iliyovaa boksi la kiwandani. Na mvua ikizidi, lala Mbale. Machi 2010 mlima ulishuka Nametsi, hukohuko Bududa, na watu wengi wakafa. Udongo ule hautazami umekuja na gari gani.

*Senga, mume wangu alinunua Land Rover Defender. Tangu iingie uani haijatoka. Kila Jumapili yuko chini yake toka asubuhi mpaka jioni. Kuku wanataga ndani. Niseme nini? — Nalongo, Kawempe*

Nalongo, usiseme kitu. Kagua mikono yake anapotoka. Ikiwa na grisi, mwonee huruma, umpelekee chai. Ikiwa safi, basi anakwenda kule kulala, na hapo tatizo si la gari. Dimbwi la oili usilihofie sana. Kwa Land Rover kuukuu, kinachotia wasiwasi ni siku inapoacha kuvuja, maana huenda imekauka. Mayai ni yako.

*Shikamoo Senga. Mimi ni mwanajeshi mstaafu. Kuna shirika la misaada linauza Land Cruiser hardtop kwa mnada. Kijana mmoja anasema anamjua mtu wa ndani, nimtumie milioni 5 kwa simu "ya kulishikilia," logibuku iko njiani. Magari ya mashirika si yanatunzwa? — Afande, Bombo*

Marahaba, Afande. Yanatunzwa, ni kweli. Oili hubadilishwa kwa wakati na kitabu cha huduma kipo. Ila pia yanaendeshwa na mtu asiyeyalipia, kwenye udongo mweusi wa Karamoja, na ana mkutano saa nne. Omba kitabu, tazama gari lilikofanyia kazi.

Mnada wa kweli hutangazwa gazetini, una siku ya kukagua, na amana huingia akaunti ya shirika ukapewa risiti. Uliza jambo moja ambalo vijana husahau kulitaja: gari liliingia nchini bila kodi? Kama ndiyo, likihamia kwako kodi inaamka, na usipouliza itakusubiri URA. Logibuku nayo, mara nyingi "njiani" maana yake iko kwenye droo ya mkopeshaji. Sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika imeweka daftari pale URSB, ofisi ya usajili, unaweza kutafuta kama gari lina deni. Katafute kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Na huyo kijana, Afande, mwambie mkutane kambini. Hatakuja.

*Senga, unaniharibia biashara. Nina Pajero, hedi imepasuka, niiuze vipi? — Broka, Lugogo*

Kwa bei ya Pajero yenye hedi iliyopasuka.