Dhahabu Isiyopenda Kuoshwa

Watu wengi hudhani kuwa mwenye dhahabu ndiye mwenye raha, na sababu ya dhana yao ni kwamba hawajapata kuishi nyumba moja na mtu akusanyaye sarafu za kale za dhahabu za Marekani. Mimi nimejaaliwa kuishi naye. Mjomba wangu, aliyekuwa baharia katika ujana wake na kutia nanga ya mwisho katika mji wa Philadelphia, ni mtu mpole, mcha Mungu, mwenye kauli njema kwa mkubwa na mdogo. Lakini tangu alipofikwa na mapenzi ya sarafu hizo hajapata usingizi wa kutimia, wala sisi wa nyumbani mwake hatujaupata, kwa kuwa mtu asiyelala huona upweke kukesha peke yake.

Mji wenyewe una lawama yake. Hapo Philadelphia ndipo kilipoanzishwa kiwanda cha sarafu cha taifa mwaka 1792, na hapo ndipo zilipotoka sarafu za kwanza za dhahabu, za dola 5 na dola 10, mwaka 1795. Ile kubwa ya dola 20, ambayo ndiyo maradhi hasa ya mjomba, ilianza kuingia mikononi mwa watu mwaka 1850, baada ya California kufumka dhahabu. Uzito wake ni gramu 33 na kitu, na katika kila sehemu 10 sehemu 9 ni dhahabu. Kiwanda kipo hata sasa, na mjomba apitapo mbele yake hupunguza mwendo na sauti pia, akatunyamazisha na sisi tulio pamoja naye, hata kama tunakwenda kununua samaki.

Msiba wake wa kwanza ulimpata katika soko la vitu vikuukuu. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya nikeli ya senti 5, ikachapa juu yake tarakimu ya Kirumi ya tano, na kwa ghafala ya ajabu isiyotazamiwa kwa watu wenye hazina ikasahau kuandika kuwa ni tano za nini. Wajanja hawakuchelewa: walizipaka dhahabu, wakaingia nazo madukani, wakanyamaza kimya, na muuza duka akawarudishia chenji ya dola 5. Serikali iliongeza neno lililosahauliwa mwaka ule ule, lakini zile zilizokwisha kupakwa zikabaki zikizunguka duniani zikimsubiri mjomba wangu. Aliinunua moja kwa furaha isiyo kifani, akaipeleka kwa sonara, naye sonara akaiweka katika mizani ikaonyesha gramu 5, ilhali dola 5 ya dhahabu haipungui gramu 8. Sonara hakucheka, maana alikuwa mtu wa adabu. Aliuliza tu kama risiti ipo. Mjomba husema hata leo kuwa hakudanganywa na yule aliyemwuzia, bali na mjanja wa mwaka 1883, na kudanganywa na marehemu si aibu.

Baada ya hapo alinunua kwa tahadhari na kwa mizani. Akapata mbili za dola 20 na tatu za dola 5, kisha akasimama ghafla, akawa hata akionyeshwa dola 5 ya nne kwa bei ya huruma anatikisa kichwa. Sisi tulidhani ameishiwa. Kumbe nisabu ya zaka ya dhahabu, yaani kiasi ambacho chini yake zaka haidaiwi, ni mithqali 20, ambazo wanavyuoni wengi wa zama zetu hukadiria kuwa gramu 85, na dhahabu safi iliyomo katika sarafu zake zote tano ilikuwa gramu 82 na nukta zake. Mkaza-mjomba, ambaye kuhesabu si kazi yake lakini kumhesabu mumewe ni kazi yake, alilipeleka jambo hilo kwa shehe. Shehe akamwuliza mjomba kwa upole, mbele ya watu, kama sarafu hizo ni za kuuza au ni za kuweka tu. Swali lilikuwa jepesi na jawabu lake zito. Kwa sababu akisema ni za kuuza, basi ni bidhaa, na bidhaa haitazamwi kwa gramu bali kwa bei ya soko, na bei ya soko ndiyo ile aliyokuwa akiisifia kila Ijumaa baada ya sala. Na akisema ni za kuweka tu, waliokuwapo wote walikwisha kuombwa na yeye wamtafutie mnunuzi. Mjomba alitazama dari kwa muda, kisha akauliza kama chai iko tayari. Mwaka ule alitoa zaka, na aliitoa kamili, maana si bakhili hata kidogo. Alikuwa akistarehe na hesabu tu.

Lakini woga wake mkubwa haukuwa wa shehe, ulikuwa wa serikali, na hapa siwezi kumlaumu moja kwa moja. Tarehe 5 Aprili 1933 Rais Franklin Roosevelt aliamuru raia wa Marekani warejeshe dhahabu zao benki walipwe noti, ila kiasi kidogo na zile sarafu adimu zenye thamani kwa wakusanyaji. Na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwisho wa mwaka 1974. Mwaka ule ule wa 1933 kiwanda cha Philadelphia kilikuwa kimekwisha kupiga sarafu 445,500 za dola 20, nazo, badala ya kutolewa, zikarudishwa motoni kuyeyushwa. Chache zilitoroka. Moja ilinunuliwa na Mfalme Farouk wa Misri mwaka 1944, tena kwa kibali cha serikali yenyewe iliyokuja kuzisaka. Mfalme akapinduliwa, mali yake ikanadiwa Cairo mwaka 1954, Wamarekani wakaomba sarafu ile iondolewe mnadani, ikaondolewa, na ilipoondolewa ikatoweka. Iliibuka mwaka 1996 katika hoteli moja ya New York, mkononi mwa mfanyabiashara wa sarafu kutoka London aliyedhani anakutana na wateja, kumbe wateja wale walikuwa askari wa siri. Kesi ikaisha kwa suluhu, sarafu ikanadiwa mwaka 2002 kwa dola 7,590,020, na zile 20 za mwisho zilikuwa ni malipo ya serikali, ili sarafu ihesabike kuwa imetolewa rasmi. Kwa maana hazina ya Marekani, hata katika mamilioni, haisamehi dola 20. Mwaka 2021 iliuzwa tena kwa karibu dola milioni 18.9.

Hiyo ndiyo hadithi ambayo wauzaji humsimulia mteja. Ile ambayo mjomba hutusimulia sisi usiku ni ya jamaa wa familia moja ya Philadelphia hiyo hiyo, waliokuta sarafu 10 za mwaka 1933 katika sanduku la mzee wao, wakazipeleka kiwandani mwaka 2004 kwa nia njema kabisa ili wahakikishiwe kama ni za kweli. Walihakikishiwa kuwa ni za kweli, na kwa kuwa ni za kweli hazirudishwi. Walishtaki, kesi ikapanda na kushuka kwa miaka, hata Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza mwaka 2017. Mjomba hana sarafu hata moja ya mwaka 1933, na hatakuwa nayo maisha yake yote, lakini husikitika na jamaa wale kana kwamba ni wenzake wa chuo kimoja.

Basi ndipo ikaja habari ya choo. Rais Theodore Roosevelt, ambaye si yule wa marufuku bali ni jamaa yake wa mbali aliyemtangulia, alichukizwa na ubaya wa sura ya sarafu za nchi yake, akamwomba mchongaji Augustus Saint-Gaudens azichore upya. Naye mchongaji, aliyekuwa mgonjwa na kufariki Agosti 1907 kabla kazi yake haijaenea, akachora juu ya dola 20 bibi aliyeshika mwenge na tawi la mzeituni, anayetembea na nywele zake zikipepea. (Mkaza-mjomba alipoionyeshwa mara ya kwanza aliitazama sana, akauliza kama yule bibi hana ndugu wa kumpa mtandio.) Rais alitaka tena kwamba yale maneno ya kumtegemea Mungu yasiwekwe katika sarafu mpya, kwa kuwa aliona jina la Mungu halistahili kutiwa katika fedha ipitayo mikononi mwa kila mlevi, lakini Bunge halikuona hivyo, likayarejesha mwaka 1908. Kwa hiyo ziko sarafu za mwaka 1907 na za mwaka 1908 zisizo na jina la Mungu, na moja katika hizo ilikuwa ya mjomba.

Hapo mjomba akatoa fatwa yake mwenyewe. Jina la Mungu haliingizwi chooni, hilo twalijua tangu utoto. Lakini sarafu isiyo na jina la Mungu inaweza kuingizwa, na mahali ambapo mwizi hawezi kufikiri, wala mtumishi wa serikali hawezi kupekua kwa starehe, ni nyuma ya tangi la maji la choo. Zile nne zenye maneno zikabaki katika sanduku la nguo, na hii, ambayo ndiyo kipenzi chake, ikaingia katika kikopo cha bati ikafichwa msalani. Kila alipokwenda huko alikawia kupita kiasi, nasi tukaanza kumwombea afya.

Sasa dhahabu ya Marekani, kama nilivyosema, ina sehemu moja ya kumi isiyo dhahabu, nayo aghalabu ni shaba, na shaba hutoa madoa mekundu. Mkaza-mjomba ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, katika nyumba ambayo sinia na madele ya shaba yalisuguliwa kabla ya kila Idi hata yakaumiza macho. Alipokuwa akisafisha choo mwishoni mwa Shaabani alikiona kikopo, akakifungua, akamkuta bibi wa mwenge amejaa madoa, akamwonea huruma. Akaleta ukwaju, akaleta chumvi, akaleta brashi. Mjomba aliporudi alimkuta bibi yule juu ya kisahani mezani, aking'aa kuliko siku aliyopigwa.

Alikaa kitako sakafuni. "Umeniua, mke wangu," akasema.

"Ningekuua," akajibu mkaza-mjomba, "ningekuosha wewe, si pesa yako."

Yapasa nieleze kosa lenyewe, kwa maana wasomaji waliolelewa kama yeye hawataliona. Katika biashara hii uchafu wa kale ni mali na unadhifu ni hasara. Sarafu hupewa alama, kutoka 1 mpaka 70, na mtaalamu aonaye kwa kioo cha kukuzia mistari myembamba ya brashi huiita iliyosuguliwa, asiipe alama yoyote. Na kati ya alama moja na ya pili panaweza kuwa na bei ya nyumba. Kipimo hiki kilitungwa mwaka 1949 na William Sheldon, mtaalamu wa saikolojia aliyejulikana pia kwa kuwagawa wanadamu kwa maumbo ya miili yao, kama walio wanene na walio wembamba. Na baada ya kufa kwake ikathibitika kwamba alikuwa akibadilisha senti zake hafifu kwa senti nzuri za chama cha sarafu cha New York. Mtu huyo ndiye aliyewafundisha wenzake kutazama kwa makini, na kwa hakika aliwapa sababu.

Tulikwenda na sarafu ile kwenye soko la sarafu lililofanywa katika ukumbi wa hoteli, mimi nikichukua mkoba, mjomba akichukua huzuni. Mkaza-mjomba alikuwa ametupa na reale yake ya Maria Theresa aliyorithi kwa bibi yake, yenye mwaka 1780, akisema kwamba kama kale ndiyo bei, basi ya kwake ni ya kale zaidi. Muuzaji, mzee mwenye vidole vya polepole, aliigeuza dola 20 chini ya taa, akauliza nani aliyeisugua. Mjomba, ambaye nyumbani alikuwa amelalamika kwa muda wa Ramadhani nzima, akajibu bila kupepesa jicho kwamba aliinunua hivyo hivyo. Na siku ile nilimwona kuwa mume mwema kuliko nilivyodhani.

"Usisikitike," akasema yule mzee. "Za mwaka huu wa 1908 zisizo na maneno, kiwanda cha hapa kilipiga zaidi ya milioni 4. Hata ingekuwa na madoa yake, ningekuongezea kidogo tu juu ya dhahabu iliyomo." Akaendelea kueleza kwamba umri si uadimu: dola 20 iliyopigwa Denver mwaka 1927 ni changa kuliko hii, na zilipigwa 180,000, lakini takriban zote ziliyeyushwa na zinazojulikana leo hazifiki 20. Kisha akaitazama reale, akatabasamu, akasema kuwa zilipigwa kwa miaka mingi sana na mwaka juu yake haubadilishwi, ni 1780 daima, kwa hiyo thamani yake ni ya fedha iliyomo na nyongeza ya kahawa. Mume na mke wakawa sawasawa, na amani ikarudi nyumbani.

Mjomba hakuiuza. Husema anangoja madoa yarudi.

Ama wewe msomaji, ikiwa umeingiwa na tamaa ya kuiona ile dola 20 ya mwaka 1933, usiinunue, usiirithi, na zaidi ya yote usimwulize mtu wa serikali kama ni ya kweli. Mbili kati yake zimo katika makumbusho ya historia ya Smithsonian mjini Washington, na kiingilio ni bure.