Rangi Imemeguka? Tiba Tisa, Kuanzia ya Kuchekesha Hadi ya Kweli

Ukifuata lori la kokoto linalotoka Lugoba, usijichoshe kumpigia honi dereva. Kokoto hazisikii. Zitaruka, zitadonoa ncha ya boneti, na kesho asubuhi utaziona alama zake: vidoa vidogo, kila kimoja punje ya mtama, vyote mahali ambapo jirani huegemea akikusalimia. Kila mtu ana tiba yake. Tumezipanga tisa, kuanzia inayoshika mkia.

9. Stika

Tiba ya wenye imani. Doa likitokea mlangoni, linafunikwa na "Mungu Ndiye Mlinzi", na mwenye gari anaendelea na safari zake. Mungu analinda, ila gundi haizuii maji. Unyevu unapenya pembeni, unakaa humo, na kutu inalelewa kwa siri kwa gharama zako. Siku ukiibandua stika, inaondoka na rangi yake. Ulikuwa na doa la punje. Sasa una doa lenye herufi.

8. Rangi ya kucha

"Nyekundu si ni nyekundu tu?" Hapana, shemeji. Rangi ya kucha imetengenezwa ikae siku chache kisha ifutwe. Haikuahidi kukaa juani mwaka mzima. Itapauka, na doa litasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Tuitendee haki: ile isiyo na rangi inaweza kuziba maji kwa muda mfupi mpaka upate rangi yenyewe. Lakini mama watoto atauliza chupa yake iko wapi, na ushahidi umeganda kwenye mlango wa kushoto.

7. Kopo la kupuliza

Doa ni punje, rangi inatua eneo la sinia, na inayobaki inagawanywa kwa kioo, taa na paka aliyekuwa akipita. Kopo lina kazi yake, nayo ni sehemu kubwa. Kama ndilo pekee ulilonalo, pulizia kidogo ndani ya kizibo chake, kisha chota tone kutoka humo. Paka atakushukuru.

6. Fundi wa mtaani

"Bosi, hapa lazima tupige boneti yote." Fundi hajawahi kuona doa dogo, kazi yake haimruhusu. Kuna siku anasema kweli: bati likibonyea, kutu ikivimba chini ya rangi, au boneti nzima ikiwa na madoa kama kanga wa porini. Kwa doa moja au mawili, mshukuru na umwage. Rangi ya kiwandani ilipikwa kwenye tanuri. Itakayopulizwa kando ya barabara itakauka na vumbi, nzi na moshi wa bodaboda.

5. Kivuli

Sasa tumeingia kwenye tiba zenye akili. Rangi ikitiwa juu ya bati la saa saba mchana, hukauka juu huku chini bado mbichi, na malengelenge yanakuja bila kualikwa. Siku ya masika nayo ina fitina zake: unyevu ukizidi hewani, rangi inaweza kushika ukungu mweupe. Chagua asubuhi kavu, boneti imepoa, gari kivulini. Usiegeshe chini ya mwembe. Mwembe una maoni yake, na ndege wake wana maoni zaidi.

4. Kijiti cha meno

Brashi inayokuja ndani ya kizibo cha chupa ya rangi inafaa kupaka geti. Kwa doa, chukua kijiti cha meno, chovya ncha, gusa katikati ya kishimo, na uache rangi itambae yenyewe hadi kingoni. Tabaka jembamba, subiri nusu saa hadi saa nzima, tabaka lingine. Mawili au matatu yanatosha, kisha tone la klia, lile tabaka angavu la mwisho, juu yake. Tone moja nene linakauka likiwa chunusi. Mkono ukitamani kuongeza "kidogo tu", upe kikombe cha chai ushike.

3. Namba ya rangi

"Nipe nyeupe" ni maneno ya kumfurahisha muuza duka. Nyeupe ni ukoo mzima. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe ya kawaida, na 070 ni nyeupe ya lulu yenye tabaka la kung'aa juu ya tabaka jingine. Ukizichanganya, doa litajitangaza lenyewe. Kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani, tafuta kibati ndani ya chumba cha injini au kibandiko kwenye nguzo ya mlango, penye herufi C/TR. Alama ya kwanza hapo ndiyo rangi. Ipige picha, nenda nayo kwa wachanganyaji. Kisha jaribu mahali pa kujificha, maana gari lililokaa juani miaka kumi limebadilika, namba haikubadilika. Rangi za metali na lulu hazitalingana kwa asilimia mia hata ufanye nini: chembe zake zinazong'aa hulala vingine zikiwekwa kwa kijiti. Anayeinama kutafuta kasoro hiyo hanunui gari, anatafuta ugomvi.

2. Msasa na subira

Rangi ikauke siku kadhaa, wiki ikiwezekana. Kisha msasa laini namba 2000, maji yenye sabuni kidogo, na mkono mwepesi juu ya kile kilichotuna tu. Kata kipande kidogo ukibandike kwenye kifutio cha penseli, ili usisugue mtaa mzima kwa kosa la nyumba moja. Kumbuka klia ya kiwandani kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wako. Ukisugua kwa hasira utaimaliza. Malizia kwa kompaundi na kitambaa laini, na nta isubiri mwezi. Kama mkono unatetemeka, acha msasa kabatini. Kauvimbe kadogo hakajawahi kutoboa boneti.

1. Kuondoa kutu kwanza

Hii ndiyo inayoshika namba moja, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa sababu haipendezi kwenye picha. Rangi iko pale kulizuia bati lisikutane na maji na hewa; uzuri ni bakshishi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ukiipaka rangi juu, itavimba na kuinyanyua yote, kazi yako ikiwemo. Kwa wa Kigamboni na Unguja, chumvi ya bahari inaiongezea kasi.

Basi chungulia doa. Likionyesha kijivu, praima ya kiwandani, ile rangi ya chini kabisa, bado imesimama: una nafasi. Likionyesha chuma kinachometa, fanya kazi wiki hii. Likiwa kahawia, fanya leo. Bampa la plastiki halishiki kutu, kwa hiyo lenyewe linaweza kungoja mshahara.

Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, kwangua ukahawia wote kwa ncha ya wembe au kamsasa kadogo, kisha futa kwa spiriti. Petroli haifai, huacha mafuta, na rangi haishiki kwenye mafuta. Kama chembe za kutu zimegoma kwenye vinyweleo vya bati, kuna dawa za asidi ya fosforiki zinazozigeuza. Fuata maelezo ya chupa na vaa glavu. Chuma kikibaki wazi, tia tone la praima kabla ya rangi yoyote.

Ukifika hapo ukachoka, gari litakuwa na nukta ya kijivu, na wewe utakuwa umeshamaliza sehemu ngumu. Gari lenye nukta linauzwa kwa bei. Lenye matundu linauzwa kwa kilo.