Wanataka Kuihamisha Filta Yangu

Mhandisi aliyechora lori langu hajawahi kubadilisha filta ya dizeli. Kama aliwahi, basi ana kiwiko kinachokunjika pande zote mbili, na ana kinyongo na watu wa Morogoro. Filta ameificha nyuma ya injini, ubavuni mwa chesisi, mahali ambapo jua halifiki wala spana haifiki. Kuiona tu lazima ubinue kichwa cha gari, na ukibinua kichwa, kila kilichomo kwenye kebini kinaporomokea kwenye kioo cha mbele: chupa za maji, risiti za ushuru, kandambili za utingo, na karanga ambazo hakuna anayekumbuka zilinunuliwa lini.

Hapo kazi bado haijaanza. Fundi anaingiza mkono mmoja, anapapasa, anatukana kwa Kiluguru. Filta ikilegea, dizeli inamshuka mkononi hadi kwapani, naye ananikazia macho mimi, utadhani ndimi niliyeichora. Akishafunga mpya analegeza skrubu ya hewa na kupiga pampu ya mkono. Linatoka povu jeupe, yanafuata mapovu makubwa moja moja, mwisho inakuja dizeli tupu. Hapo ndipo anakaza. Akiharakisha, injini itawaka, itakohoa, itazima, na mtaa mzima utakuja kushauri.

Washauri hawajawahi kuadimika. "Bosi, tuihamishe," fundi kaniambia. "Nachomelea kibati hapa nje ya chesisi, jirani na betri, tunavuta mipira, kwisha kazi. Siku ya kubadilisha unachuchumaa tu." Utingo aliafiki kabla sentensi haijaisha, maana kandambili ni zake. Shemeji, ambaye hana hata baiskeli, akasema Ulaya kila mtu anahamisha.

Mimi nikauliza maswali, nikaitwa mbishi.

Swali langu la kwanza ni hewa. Kwenye lori hili filta ipo upande wa kunyonya, kabla mafuta hayajafika kwenye pampu. Mpira ukilegea upande wa kusukuma, unaona tone chini, unajua pa kukaza. Ukilegea upande wa kunyonya, chini hakidondoki kitu: hewa ndiyo inayoingia, kimyakimya, na gari linapoteza nguvu huku kila kitu kikiwa kikavu na kisafi. Kila mpira anaotaka kuuongeza una ncha mbili, kila ncha ina klipu yake, na kila klipu ni mlango wa hewa. Leo anateseka yeye gerejini, kivulini, soda ipo mkononi. Tukihamisha, nitateseka mimi katikati ya mlima Kitonga, nyuma yangu foleni ya malori ya Zambia yakinipigia honi. Tena nimeuona mpira wenyewe aliouandaa. Ni wa maji. Dizeli huulainisha mpira wa maji hadi ukavimba, na yeye anasema nisijali, ataufunga na waya.

Swali la pili ni vijana wa usiku. Taa na vioo vyangu vimechorwa namba za gari ili visiondoke, na bado vioo viliondoka. Sasa niwawekee filta nje, usawa wa goti, tena ina koki ya kumwagia maji chini yake? Nikiwapa na kiti, si itakuwa kituo?

Nisiwe mchoyo, hoja moja nampa. Kiwandani walikuwa na sababu ya kuibana karibu na injini: kwenye nchi za baridi kali dizeli hutoa nta ikaganda kama samli ya asubuhi, ikaziba filta, kwa hiyo joto la injini linasaidia. Morogoro hatuna shida hiyo. Ila hapo nje ya chesisi anapopapenda ndipo gurudumu la mbele linapotupia kokoto.

Mama watoto, aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo, akauliza ambalo hakuna fundi aliyeliuliza: "Kwani kwa nini mnaibadilisha kila mara?"

Kwa sababu inajaa maji. Na maji hayaingii kwa sababu filta imekaa pabaya; yanakuja na mafuta. Serikali iliweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochakachuliwa yatambulike, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili yasichanganywe na dizeli. Vizuri sana, lakini vinasaba havizuii mvua kuingia kwenye tangi la chini ya ardhi la kituo fulani ninachokifahamu. Tangi langu nalo, likilala nusu, hutoa jasho ndani usiku, na maji yakiwa mazito kuliko dizeli yanatulia chini, ndiko inakonyonya pampu. Dawa yake ni kujaza tangi kila jioni. Anayetoa ushauri huo atoe na hela.

Basi uamuzi ni huu: filta haihami. Ninachohamisha ni kituo cha kununulia mafuta, na kila Jumamosi utingo atafungua koki ya filta amwage maji, kandambili akiwa ameshazitoa mwenyewe.

Fundi amenuna. Anasema kazi hakufanya, sawa, lakini kichwa cha gari alikibinua, na kubinua kuna bei yake.