Namna ya Kurusha Ndege Kilwa Usiku kwa Macho Yako Mawili

Sababu ya kuruka unayo. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara kuu ya Dar–Lindi maeneo ya Somanga, nawe ukaapa kwamba basi na wewe basi tena. Umepata leseni ya ndege ndogo, ya mchana. Bado usiku.

Usijisumbue na mwalimu. Ulaya rubani anayetaka kibali cha usiku hutakiwa saa tano angani, tatu kati ya hizo akiwa na mwalimu, kisha aruke na kutua peke yake mara tano. Kumaliza mafuta tu! Wewe umewahi kutoka Nangurukuru hadi Masoko usiku kwa bodaboda isiyo na taa. Angani kuna mashimo?

Chagua usiku wa giza totoro. Mbalamwezi itakuonyesha mikoko na ukingo wa pwani, raha yote iishe. Tena mwezi ukiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti kitu. Giza likirudi wanajaa baharini, na ukiwatazama kutoka juu hutajua taa ya mvuvi ni ipi na nyota ni ipi. Ukiona nyota chini ya bawa, usiulize. Geuza ndege mpaka zikae unapopenda wewe.

Vyombo waachie wenye wasiwasi. Fuata mwili unavyokutuma. Ndege ikilala upande polepole, majimaji ya sikio la ndani hutulia, ukajiona umenyooka kabisa huku unazunguka kuelekea majini. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiofundishwa kuruka kwa vyombo, wakazuiwa kuona nje. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Dakika tatu hazikutimia, lakini hao hawakuwa watu wa pwani. John F. Kennedy Mdogo naye alikuwa na leseni yake halali usiku wa Julai 16, 1999, alipotumbukia baharini karibu na Martha's Vineyard akiwa na mkewe na shemeji yake. Wachunguzi walisema alipotewa na mwelekeo, katika giza na utusitusi juu ya maji.

Taa za kiwanja zisikuumize kichwa. Omba vijana wawili wakuwashie pikipiki, mmoja kila mwisho. Mmoja wao akipata abiria wa Kivinje katikati ya zoezi, mwelewe. Naye anatafuta riziki. Mbuzi wa kiwanjani nao hawahitaji taarifa.

Kutua ndiko kutamu. Ukitokea baharini, mbele kuna vitaa viwili na kiza kila upande, macho yatakuambia uko juu mno. Teremka. Yatakuambia tena, teremka tena. Marubani wa ndege kubwa wamedanganywa hivyo hivyo na viwanja vyenye taa kamili, sembuse wewe na pikipiki zako.

Kwa waoga ipo njia nyingine: lala Masoko, kula pweza, amka mapema. Kilwa jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, na leseni uliyonayo inatosha.