Mwongozo wa Kuonyesha Maendeleo Pasipo Kuendelea

Ninyi ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kundi lenu limeamua kutengeneza mashine ya kujifunzia bodaboda: mtu anashika usukani wa kweli, anavaa miwani ya uhalisia pepe, na kujikuta katikati ya Kariakoo saa kumi na moja jioni. Wazo ni zuri. Msimamizi anataka ripoti kila wiki mbili, nanyi mkifuata mwongozo huu hamtakosa la kumwambia.

Anzeni na mawingu. Kabla hamjajua usukani utaongeaje na kompyuta, fungueni programu ya Unity mpambe anga. Ongezeni machweo, muuza mihogo na mwembe wenye majani yote. Akiuliza pikipiki iko wapi, jibuni: "Dokta, bado tuko kwenye mazingira." Miwani kama Quest huhitaji picha zisizopungua 72 kila sekunde, na kila jani ni mzigo juu yake, lakini hayo yasiwakoseshe usingizi kabla ya siku ya maonyesho.

Chapisheni kila kitu. Kishikio ambacho fundi wa kuchomelea angekimaliza kabla chai haijapoa, kipelekeni kwenye printa ya 3D, inayopanga plastiki tabaka kwa tabaka, kila tabaka kama milimita 0.2. Iwasheni jioni, mwende kulala. Umeme ukikatika usiku, asubuhi pigeni picha kilichobaki, muandike chini yake: "Toleo la kwanza."

Msiwaze sana kuhusu umeme. Mota ya kutikisa usukani ichomekeni moja kwa moja kwenye bodi ya Arduino. Mota ikianza, bodi itazimika na kuwaka upya; kwenye ripoti huo ni mfumo wa usalama. Potenshiometa inayosoma mzunguko wa usukani itatoa namba kati ya 0 na 1023, nazo zitachezacheza hata usukani ukiwa umetulia. Barabara ikitetemeka machoni, semeni mmezingatia hali halisi ya barabara zetu.

Ijaribuni mashine wenyewe. Ninyi mmeshazoea. Mgeni atavaa miwani, macho yamwambie anakwenda mbio, sikio la ndani limwambie amekaa kitako, na tumbo ndilo litakaloamua kesi. Zaidi ya wote, mwepukeni dereva wa bodaboda. Huyo atakaa dakika moja tu na kuuliza kwa nini breki mmeiweka mkono wa kushoto, mahali pa klachi. Swali kama hilo huweza kufuta kazi ya muhula mzima.

Ripotini kwa asilimia. Anzeni na 80, kisha 85, kisha 88. Msifike 100, mtaombwa muonyeshe. Siku mashine itakapokubali mara moja, rekodini video, na video hiyo iwatumikie hadi mwisho. Mkiambiwa mmechelewa, mtajeni Ivan Sutherland, ambaye mwaka 1968 alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichoning'inizwa darini. Msitaje kwamba kilifanya kazi.

Tahadhari moja: jihadharini na kundi la chumba cha pili. Wiki ya kwanza walifunga mpini wa ufagio kwenye kiti kwa gundi ya karatasi, wakachora barabara kwenye boksi, wakamwita dereva kutoka kijiweni. Akawacheka. Wiki ya pili klachi ilikuwa mahali pake, na mawingu hawakuwa nayo hata moja.

Asiyetaka kufuata mwongozo huu ana njia fupi: tafuta mpini, kiti na boksi leo hii, mlipe dereva muda wake, kisha nyamaza anapoongea. Mwembe utapandwa baadaye.