Rudia Tena, Hujaona Kitu

Waungwana wa mjini wakiulizwa filamu wanazozirudia, hutaja za Marekani. Sisi wa Bagamoyo hatuna makuu: tunarudia Bongo muvi za enzi za waigizaji Kanumba na Ray, tena sababu tunazo.

Kwanza, shibe ya macho. Gari linafika, honi inapigwa, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mlinzi anafunga geti, bosi anashuka, anapanda ngazi, anakaa kwenye sofa, anashusha pumzi. Kisa hakijaanza, lakini nyumba umeshaijua kuliko dalali.

Pili, huhitaji kukumbuka chochote. Sehemu ya pili huanza kwa kukurudishia kipande kizuri cha sehemu ya kwanza, nawe umezilipia zote mbili.

Tatu, ni za kwetu. Wapenzi wakigombana Dar, hupatanishwa na ufukwe wetu huku kaskazini. Kanumba na Ray wenyewe walipikwa katika kikundi cha Kaole, chenye jina lilelile la magofu yetu ya tangu karne ya 13. Mirabaha ya jina, magofu bado yanaisubiri.

Halafu tuna chuo cha sanaa tangu 1981, siku hizi TaSUBa, kinachofundisha watu kuigiza. Watayarishaji wanakifahamu fika. Wakija na kamera zao hupita mlangoni pake mbio, wasije wakachelewa jua la machweo. Jua halidai malipo, wala halisomi muswada likauliza kwa nini bosi amepanda ngazi mara nne.